Kreti la Kuwarudisha Chini

Verna Silveira aliamka na hasira kila siku kama wengine wanavyoamka na njaa, na bandari nzima ilijua. Abiria wake walikuwa na utani wao: kwenye boti ya Verna unalipia matusi, samaki ni nyongeza. Hata hivyo kila Jumamosi walirudi, wamebeba fimbo zao za kuvulia na chupa za kahawa, kwa sababu katika pwani ile ya kaskazini ya Kalifornia hapakuwa na nahodha aliyeijua miamba ya chini kama yeye, ila mmoja tu. Huyo mmoja alikuwa Dale, mdogo wake wa tumbo moja, na ndiye aliyekuwa akimpandisha mori.

Ugomvi wao ulikuwa wa mwamba. Baba yao, marehemu Amaro, aliugundua zamani kwa kamba na chubwi, ule uzito wa risasi wa kuzamishia, kabla ya mashine za kuonyesha chini: kilima cha mawe kilichojificha pima hamsini ndani ya maji, nje kabisa ya rasi. Aliwafundisha wanawe wote wawili kuupata kwa macho. Ukiona tangi la maji la mjini limekaa sawasawa kwenye pengo la mlima, zima injini, uko juu yake. Pale kulikuwa na samaki wa mwambani wa kila namna, weusi na wa rangi ya shaba, wa kula mpaka ukinai. Na kulikuwa na wale wakubwa wekundu kama pilipili, wenye jicho la njano, ambao huishi miaka mingi kuliko binadamu. Hao hawaruhusiwi kuletwa nchi kavu. Ukimvua, unamrudisha.

Sasa kumrudisha ndiko kwenye kazi. Samaki aliyevutwa kutoka kina kile hewa inamjaa ndani, macho yanamtoka, tumbo linamchomoza mdomoni kama puto. Ukimtupa tu majini hazami. Anaelea ubavu, anapigapiga mkia, mpaka shakwe waje wamdonoe macho akiwa hai. Amaro aliona hayo mara moja, akaapa hatayaona tena kwenye boti yake. Alichukua kreti la maziwa, akaligeuza kifudifudi, akafunga chubwi kwenye pembe nne za mdomo wake na kamba mgongoni. Samaki anawekwa chini ya kreti, kreti linashushwa naye mpaka kule alikotoka, hewa inasinyaa, anapata nguvu, anachomoka mwenyewe. Na sheria ya Amaro ilikuwa moja: hakuna mshipi unaoshuka mpaka mwekundu ameshuka kwanza.

Verna alirithi boti kuukuu na kreti. Dale alijinunulia boti mpya yenye nafasi ya abiria mara mbili, na kreti hakutaka hata kulisikia. Lilikuwa linakula muda. Mwekundu akipanda, baharia wake alitoboa lile puto la mdomoni kwa kisu, akidhani anatoa hewa, kumbe anamtoboa tumbo, kisha akamrusha huko. Verna alimwambia Dale gatini. Alimwambia kwenye redio ya boti, manahodha wote wakisikiliza. Alimwambia mezani kwa mama yao siku ya Jumapili, mpaka mama akasukuma bakuli la supu na kuondoka.

"Dada, watu wananilipa wavue," Dale alisema siku hiyo, akikata soseji kana kwamba hakuna kilichoharibika. "Hawanilipi watazame kreti."

"Baba angekutandika."

"Baba amekufa, Verna. Na wewe si yeye, ingawa unapenda sana kujifanya."

Maneno hayo alitoka nayo, akalala nayo, akaamka nayo.

Jumamosi moja ya kiangazi alifika mwambani akakuta boti ya Dale ndiyo kwanza inaondoka kwa kasi, povu jeupe nyuma. Na nyuma ya povu, juu ya maji, palikuwa na mstari wa wekundu wanaoelea. Shakwe walikuwa wameshaanza kazi.

"Hakuna anayeshusha mshipi!" Verna alipayuka kutoka kwenye usukani.

"Ala! Ndiyo kwanza tumefika," alisema abiria mmoja mwenye kofia.

"Umefika, kaa. Hukufunga ndoa na huo mshipi. Odell, lete wavu!"

Odell alikuwa baharia wake, mtu mzima wa maneno machache, aliyemzoea Verna hata matusi yake hayakumwingia tena. Wakazunguka, wakiokota samaki mmoja mmoja. Kreti likashuka, likapanda tupu. Likashuka, likapanda tupu. Kila lilipopanda tupu abiria walishangilia, hata yule wa kofia akavua koti na kusaidia kuvuta kamba. Lakini wa mwisho, mkubwa kuliko wote, mrefu kama mkono wa mtu mzima, walimkuta amekufa. Macho hayapo. Tumboni palikuwa na tundu la kisu.

Verna alimtazama muda mrefu. Alitaka kulia, na kwa kuwa hakuwahi kujua kulia mbele za watu, hasira ikampanda mara mbili.

"Mtie kwenye ndoo," akasema.

"Verna," Odell akasema taratibu, "huyo haruhusiwi botini. Hata akiwa mfu. Unajua."

"Nimekuambia mtie kwenye ndoo!"

Odell akamtia.

Gatini Dale alikuwa kwenye meza ya kuparia samaki, abiria wake wakipiga picha na kucheka. Verna alipita katikati yao bila kuomba njia, akainua ndoo kwa mikono miwili, akambwaga yule samaki mezani mbele ya ndugu yake. Damu na maji vikaruka mpaka kwenye shati la Dale.

"Mtazame!" akasema. "Si una haraka? Mtazame basi! Alikuwa kule chini kabla bibi hajamzaa baba. Ukamtoboa kama gurudumu la baiskeli!"

Hakumwona afisa uvuvi. Afisa alikuwa kwenye ncha ya meza, mwanamke kijana anayepima samaki wa abiria kwa rula, na sasa rula ilikuwa imesimama hewani.

"Huyu wa nani?" afisa akauliza.

"Wake!" Verna akamnyooshea Dale kidole.

"Lakini ametoka kwenye ndoo yako, mama."

"Nimemwokota. Amemuua yeye, mimi nimemwokota. Waulize abiria wangu!"

"Ni kweli," yule wa kofia akasema. "Tulimkuta anaelea, ameshakufa."

"Sikatai," afisa akasema. Uso wake ulionyesha kwamba kazi hiyo haikumpendeza. "Ila sheria inamhusu aliyemleta nchi kavu. Nahodha Dale, unasemaje? Samaki huyu unamjua?"

Verna alimkazia macho ndugu yake. Neno moja tu lilitakiwa, na Dale alikuwa nalo mdomoni, ungeweza kuliona. Kisha akatazama abiria wake, akatazama boti yake mpya, akatazama viatu vyake.

"Simjui," akasema.

Verna hakupayuka. Wote waliokuwepo walikubaliana baadaye kwamba hilo ndilo lililowatisha.

Leseni yake ya kubeba abiria ilisimamishwa mpaka mwisho wa msimu. Boti kuukuu ikafungwa gatini, na abiria wa Jumamosi wakahamia kwa Dale, kwa kuwa wangekwenda wapi tena? Watu wakasema sasa Verna atafyata, atakaa nyumbani amtunze mama yake. Hao hawakumjua.

Jumamosi iliyofuata, boti ya Dale ikiwa tayari kung'oa nanga, Verna alipanda amebeba kreti begani.

"Shuka," Dale akasema.

"Nimekata tiketi dirishani kama watu wote. Na za Jumamosi zote zilizobaki nimekata. Si umenipa likizo?"

"Verna, usinitie aibu mbele ya watu."

"Aibu unayo yako. Endesha boti."

Abiria walikuwa wanatazama, na nusu yao walikuwa wa Verna. Dale akaendesha.

Mwambani, mwekundu wa kwanza alipanda kwenye ndoano ya yule mwenye kofia. Baharia wa Dale akamdaka, kisu tayari mkononi.

"Mguse na hicho kisu," Verna akamwambia, "nikutupe umfuate."

Kisu kikarudi mfukoni. Verna akamweka samaki chini ya kreti, akaanza kuachia kamba. Lakini mkondo ulikuwa mkali, boti ikawa inasogea, na kamba ikalala upande. Kreti likilala hivyo samaki anateleza njiani na kupanda tena juu, na kazi yote ni bure.

"Dale! Kamba inalala!"

Akaita tena kwa jina alilomwitia utotoni, jina ambalo abiria hawakulijua, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza hata kidogo.

Injini ikabadili mlio. Tezi, yaani nyuma ya boti, ikageuka polepole kuukabili mkondo, boti ikatulia juu ya mwamba, na kamba ikasimama wima. Amaro ndivyo alivyokuwa akifanya. Verna akaachia mpaka ikalegea, akangoja, akaipiga mshtuo mmoja, akavuta. Mikono ilimuuma, na bado alikuwa anatamani kumzaba mtu kofi.

"Limetoka tupu?" Dale akauliza, kichwa nje ya dirisha la chumba cha usukani.

"Tupu."

Abiria wakaanza kushangilia. Dale hakurudisha kichwa ndani. Aliwatazama, kisha akamtazama dada yake.

"Yule wa ndooni," akasema, kwa sauti ya kusikika boti nzima. "Nilimjua."

Verna alikuwa anakunja kamba. Hakuinua uso.

"Umechelewa," akasema, akaligeuza kreti kifudifudi, tayari kwa mwingine. "Shikilia boti."