Kikombe cha Bati na Konokono wa Chini ya Mji

Wifi yangu ananuka. Nalisema wazi kwa sababu wifi asiyekutania hakupendi. Ananuka mtaro, na nimemwambia hivyo usoni tangu siku ya kwanza. Yeye hunijibu, "Nisiponuka mimi, mtanuka nyote."

Kazi yake ni kumchunga Bibi. Bibi ni konokono mkubwa kama nyumba ya vyumba viwili, anayetambaa katika mitaro ya majitaka chini ya mji wetu akila kila kinachoshuka: mafuta ya jikoni, maganda, na mavi ya majoka yanayobeba mizigo juu ya mapaa yetu. Joka moja likijisaidia, mkokoteni unajaa. Bila Bibi tungekuwa tumezikwa zamani, na hakuna wa pili wa aina yake. Kila asubuhi wifi huteremka na taa, hugonga gamba akabisha hodi, Bibi akatoa pembe, siku ikaanza.

Mama yangu hakuipenda ndoa ile. Kaka alipomleta mchumba wake nyumbani, mama alimtazama toka utosini hadi unyayoni, kisha akasema, tena kwa sauti, "Wanawake wote waliojaa mji huu, mwanangu kaenda kumwokota chini yake!" Tangu hapo wifi hakuvuka kizingiti cha mama. Aliishia uani, na maji aliyanywa kwa kikombe cha bati kilichokaa juu ya ukuta wa nje, mbali na vikombe vya watu. Alikunywa, akashukuru, akakirudisha. Mimi ningekitupa barabarani. Yeye alisema mkwe ni mkwe.

Mwaka ule mvua zilikataa kabisa, maji ya kunywa tukawa tunayafuata mbali. Ndipo Bibi akajikunja ndani ya gamba lake katikati ya mtaro mkuu, akauziba. Kufika asubuhi, chemba za mtaa wetu wa bondeni zilikuwa zinatapika uchafu. Msimamizi wa mitaro akaja na watu wenye nyundo.

"Tunalivunja gamba," akasema.

"Na kesho mji utasafishwa na nani?" wifi akauliza.

"Dada yangu, mimi nina shida ya leo. Uchafu ukigusa mlango wa duka lile, navunja."

Duka lenyewe lilikuwa langu, nauza ndoo na mitungi. Nikaona heri nimfuate wifi chini kuliko kubaki juu nikiungoja uchafu.

Tuliingilia upande mkavu, mimi pua nimeibana. Wifi aligonga gamba. "Hodi, Bibi." Pembe hazikutoka. Akalikumbatia kabisa, shavu lake gambani, na nikaona machozi yanamtoka. Nilimwonea huruma mpaka nikaiachia pua. Kisha akainua taa. Juu ya Bibi palikuwa na bomba linalodondosha matone, na ukuta wote chini yake umeganda weupe. Wifi akaugusa, akalamba kidole. Mimi nikaibana pua tena.

"Chumvi," akasema. "Inamchoma."

Kutoka ndani ya bomba lile tulisikia sauti ya mtu akiwagombeza kuku. Sauti hiyo imenilea. Nikaelewa yote: kila wifi alipoondoka uani, mama alimwaga maji ya chumvi kwenye tundu la mtaro kuua harufu. Miaka yote mvua iliisafisha chumvi ile. Mwaka ule hakukuwa na mvua.

"Ni mama!" nikasema. "Leo nitamwumbua mbele ya mtaa mzima."

"Uthubutu uone. Mimi nataka maji, sitaki aibu ya mtu."

Tulipanda mbio hadi uani kwa mama. Majirani walikuwa wamejaa barabarani, wameshika viatu mikononi.

"Shikamoo, mama," wifi akasema akihema. "Bibi kaingiwa na chumvi. Naomba maji safi yamwagwe kwenye tundu hili, yamshukie. Maji yote uliyonayo."

Hakuongeza neno. Mama akalitazama tundu, akautazama mtungi wa chumvi pembeni yake. Mama yangu ana mengi, lakini si mjinga. Akaingia ndani, akatoka na mtungi wa maji ya kunywa ambao hata mimi sikuruhusiwa kuugusa bila kunawa, akaumimina wote. Kisha akawageukia majirani.

"Chumvi ni yangu mimi! Nimeimwaga kwa mikono yangu! Nyinyi mnangoja kualikwa? Leteni maji!"

Wakaleta. Ndoo zangu zote zikatoka dukani, nusu yake sijaziona mpaka leo. Msimamizi mwenyewe alitupa nyundo akashika mtungi. Wifi alikuwa ameshateremka tena, na kupitia tundu tukamsikia akigonga. "Hodi, Bibi." Tukamwaga. "Hodi." Tukamwaga mpaka tukakung'uta ndoo. "Hodi, Bibi yangu."

Ardhi ikatikisika. Chemba zikagugumia, na uchafu uliokuwa unalamba mlango wangu ukarudi ulikotoka. Makelele yaliyopigwa pale yaliyatimua majoka juu ya mapaa. Wifi akaibuka ametapakaa ute toka nywele hadi vidole, anacheka, na watu wakambeba hivyohivyo juu juu. Nililia kama mtoto.

Walipomtua uani, mtaa mzima haukuwa na tone la maji ila lile lililobaki kwenye kikombe cha bati ukutani. Mama akakichukua, akamnyooshea.

"Anza wewe, mama," wifi akasema. "Umepiga kelele sana."

Mama akanywa nusu, akampa. Wifi akamalizia.

"Haya, ingia ndani upumzike, mwanangu."

"Nimechafuka, mama."

"Nimekuona. Nimesema ingia."

Akaingia, akaketi kwenye kiti cha mama. Nyumba ilinuka wiki nzima, na mama hakuugusa mtungi wa chumvi.