Mke Wangu Anashukuru Tena

Mke wangu akianza kushukuru watu, mimi huzima gari. Zamani nilikuwa naliacha linanguruma ili asikie kwamba safari imeiva, lakini yule mama akishashika kipaza sauti hasikii kitu kingine, na mafuta hayaoti mchangani. Siku hizi nazima, nafungua mlango, natoa mguu mmoja nje, nasubiri.

Anaitwa Mma Oarabile, kwa jina la binti yetu wa pekee; kwetu mama ni Mma na baba ni Rra. Kijiji kizima kinamwita Mwalimu Mkuu, na hata mimi nikikasirika humwita hivyo hivyo. Anaongoza shule ya msingi ya Letlhajwe, huku magharibi kwenye mchanga, ambako serikali ilimleta akiwa msichana mwenye viatu virefu ikamsahau. Mimi nilikuwa fundi wa visima, leo kisima hiki, kesho kile, nchi nzima. Binti yetu tulimpeleka Serowe akalelewa na Basadi, dada mkubwa wa mke wangu, akawa anakuja kwa mama yake likizo tu. Nilipostaafu nikahamia Letlhajwe nikidhani sasa nitaishi na mke. Nikakuta naishi na shule.

Siku ninayoisimulia ni ile ya kufunga shule mwezi wa Desemba. Pikapu ilikuwa imepakiwa tangu asubuhi: gunia la unga wa mtama, dumu la maziwa mgando, kuku wawili wamefungwa miguu, na shali nyeupe aliyoifuma mke wangu mwenyewe mwaka mzima kwenye vikao vya wilaya, huku wenzake wakidhani anaandika. Shali ilikuwa ya mjukuu. Oarabile alikuwa amejifungua mtoto wa kike mwezi uliopita, kule kwa Basadi, na mwezi wote huo bibi mtu hakuwa ameonekana, kwa sababu ya mitihani.

"Tukifunga tu, nakuja," alimwambia kwenye simu.

"Mama, nitaamini nikikuona langoni," Oarabile akamjibu.

Na mimi haraka yangu ilikuwa na sababu. Kwetu mzazi akishajifungua hukaa ndani na mtoto, si arobaini tu, hata miezi mitatu, na gogo la mti hulazwa langoni ili watu wajue. Mwanamume haingii. Babu haingii, hata alie. Kwa hiyo mimi nilikuwa namtegemea mke wangu anishikie yule mtoto, atoke aniambie ana pua ya nani. Nilishajiandaa kusikia kwamba ni yangu.

Basi nikakaa garini nikisikiliza shukrani. Alimshukuru chifu. Aliwashukuru wazazi walioleta maboga, na kijana aliyemfukuza nyoka chooni. Alimshukuru Mma Seitei aliyeshona mapazia ya darasa la kwanza, halafu akakumbuka kwamba uzi aliutoa mtu mwingine, akarudi nyuma akamshukuru wa uzi. Huyo ndiye mke wangu. Hajawahi kumsahau mtu kwenye hotuba, isipokuwa dereva wake.

Kisha akafika mahali pa likizo.

"Wazazi wenzangu, likizo si ya ng'ombe wala si ya kilabu cha pombe," alisema. "Likizo ni ya familia. Kaeni na watoto wenu. Mtoto hakumbuki ulimnunulia nini. Anakumbuka ulikuwa wapi."

Watu walipiga makofi, na mimi nikarudisha mguu ndani, maana hotuba zake huishia hapo. Nikashika ufunguo. Ndipo chifu akasimama, akavua kofia, nami nikajua tumekwisha.

Alisema kwamba mzee Gaolekwe, aliyefariki Jumanne, atazikwa kesho alfajiri. Hilo tulilijua. Mzee yule ndiye aliyekuwa akileta kuni za uji wa watoto kwa mkokoteni wake wa punda, miaka yote ya shule. Lakini chifu akaendelea: familia imeona ni vyema Mwalimu Mkuu mwenyewe alete neno la shukrani kwa niaba ya shule, na jina lake limeshawekwa kwenye ratiba. Hakuna aliyemuuliza. Mwalimu wake msaidizi, Rra Sebina, angeweza kusema, ila yeye alishaondoka na jua kwenda kwa ng'ombe wake. Mtu mwenye akili yule.

Mke wangu aliinamisha kichwa kukubali. Akaja garini polepole, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Umekubali," nikamwambia.

"Ningesemaje, Rra? Mbele ya watu wote wale?"

"Ungesema una mjukuu."

"Kila mtu pale ana mjukuu."

"Kila mtu ana miguu pia. Ila yako ndiyo itakayopashwa moto kesho."

Alinielewa vizuri sana. Mtu aliyetoka kuzika ana miguu ya moto, na miguu ya moto haivuki gogo la mzazi, itamdhuru mtoto. Hilo halina mjadala. Huwezi kumwambia mwanamke wa Serowe kwamba wewe una stashahada ya ualimu.

"Sitakwenda makaburini," alisema. "Nitasema neno langu pale uani kwao, kabla ya jeneza kutoka. Halafu naingia garini, tunaondoka. Anayesema uani hajazika."

"Nani kakwambia?"

"Nakwambia mimi."

"Wewe unafundisha hesabu, mama. Hili si hesabu."

"Nitamshukuru vipi mtu aliyewaletea watoto wangu kuni za uji, nikiwa barabarani?"

Watoto wangu. Nilitaka kumwambia kwamba mtoto wake yuko Serowe na anasubiri kumwona langoni. Nilikwenda kuwafungua kuku miguu, maana nao walikuwa wanalala tena Letlhajwe.

Alfajiri tulikuwa uani kwa marehemu, watu na mablanketi yao, viti vya plastiki, pikapu yangu ikiwa imeegeshwa kichwa kikielekea barabarani. Wakasema majirani. Likasema kanisa. Akasema mjomba wa marehemu, akasema kwa urefu. Mke wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, karatasi mkononi, akisubiri jina lake. Halikuja. Jeneza likanyanyuliwa, wimbo ukaanza, watu wakasimama.

Mama mmoja mwenye shali nyeusi alimshika mkono. "Neno la shukrani liko mwisho, Mwalimu. Kaburini. Kwani shukrani si hufunga?"

Ni kweli, hufunga. Yeye mwenyewe amepanga ratiba za shughuli ngapi pale kijijini, na kila mara shukrani anaiweka mwisho. Alisahau kwamba mwisho wa maziko ni udongo. Alinitazama juu ya vichwa vya watu. Nikatikisa kichwa: usiende. Akaniangalia tena kidogo, kisha akaenda nao.

Nami nikafuata, nikiwa na hasira ya kutosha kuchimba kaburi jingine. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alisema vizuri. Alisema hakuna mtoto wa Letlhajwe aliyejifunza kusoma kwa njaa, kwa sababu ya kuni za mzee mmoja na punda wawili waliochoka. Alisema mzee hakuwahi kuchelewa hata siku ya mvua. Wanaume wanaojaza udongo walisimama na koleo zao kumsikiliza. Alilia mwishoni, na mimi pia nikajikuta nafuta macho kwa mkono wa shati, nikajichukia.

Tulinawa mikono langoni kwa marehemu, kwenye karai lile la maji ya mshubiri, kama kila mtu.

"Sasa miguu imepata moto," nikasema.

"Endesha, Rra," akasema.

Tulipopita mji wa Kang nikasema kwamba shukrani ya punda ni mateke, na kwamba kijiji hiki kimempiga teke lake. Hakucheka. Alikuwa ameishika shali mapajani, anaikunja na kuikunjua. Baadaye akasema, akitazama dirishani, "Basadi akiuliza, wewe nyamaza."

Nikaelewa kwamba anafikiria jambo. Mimi nilikuwa nimeshafikiria zamani. Uongo wangu ulikuwa tayari: tulichelewa kwa pancha. Nani atamwambia Basadi? Punda wa Gaolekwe? Mtoto ni mmoja, bibi ni mmoja, na likizo ni fupi. Walimu wakuu hurudi shuleni kabla ya walimu wengine, na walimu kabla ya watoto, kwa hiyo likizo ya mke wangu huisha watu wengine bado wana nyama ya Krismasi kwenye meno.

Tulifika Serowe jua likielekea magharibi. Gogo lilikuwa langoni, limelazwa mchangani kutoka nguzo hadi nguzo, jeupe, limemenywa maganda. Mimi nilisimama mbali kidogo kama inavyonipasa. Mke wangu alishuka na shali yake, amejifunga kitambaa kipya kichwani, uso umemng'aa. Sikuwa nimeuona uso ule muda mrefu. Basadi akatoka ndani akijifuta mikono kwa aproni.

"Mmefika," alisema. "Karibuni. Miguu yenu inatoka wapi?"

Ndivyo tunavyoulizana kwenye gogo, ni salamu tu, kila mgeni huulizwa.

"Pancha," nikasema.

Basadi alinitazama. "Shemeji, sikuuliza gurudumu."

Mke wangu alikuwa amefika pale pale kwenye gogo. Ncha ya kiatu chake ililigusa. Ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha lenye pazia la maua, mtoto alianza kulia, kilio kile cha mtoto mchanga, chembamba, cha kuudhika. Hatua moja tu. Nilikuwa namwambia moyoni: vuka, mama, vuka, njia ya mwongo ni fupi lakini wewe huhitaji ndefu.

"Tumetoka kuzika," alisema.

Akarudisha mguu.

Basadi hakugomba. Afadhali angegomba, ningepata mtu wa kumkasirikia. Alisema tu, "Basi mpaka mwezi huu ufe, mwingine uandame."

"Nitakuwa nimesharudi shuleni."

"Najua, mdogo wangu."

Alinyoosha mkono kuipokea shali juu ya gogo, kisha akasita, akauliza kama nayo ilikwenda makaburini. Mke wangu akasema ilibaki garini. "Itafuliwa kwanza," Basadi akasema, akaipokea kwa ncha za vidole.

Pazia likacheza. Hatukumwona mtu, tulisikia sauti tu.

"Ni Mama?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Ingia basi. Ameamka, ndiye huyu anapiga kelele."

Basadi ndiye aliyejibu: "Haingii. Wametoka kuzika."

Mtoto alikuwa amenyamazishwa na kitu, titi nadhani. Nilijiandaa kwa maneno makali, na kusema kweli nilikuwa upande wa binti yangu.

"Nani amekufa?" Oarabile akauliza.

"Mzee Gaolekwe. Yule wa kuni."

"Gaolekwe wa punda?"

"Unamkumbuka?"

"Mama." Sauti ilikuwa imebadilika. "Nikija kwako likizo nilikuwa nashinda na nani, unafikiri? Wewe ulikuwa ofisini. Likizo zote. Alikuwa ananipitia asubuhi, ananipandisha mkokotenini, tunakwenda kutafuta kuni, ananipa nusu ya mkate wake. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi."

Mimi sikulijua hilo. Nilikuwa kwenye visima. Nikamtazama mke wangu, nikaona kwamba naye halijui.

"Mlimshukuru vizuri?" Oarabile akauliza.

"Nilisema mimi mwenyewe. Kaburini."

"Ulilisema hilo?"

Mke wangu alikuwa anatazama mikono yake, ile aliyoinawa kwa maji ya mshubiri asubuhi.

"Nilisema kuhusu kuni," alisema.

Basadi aliingia ndani na shali. Baadaye akatutolea viti viwili akaviweka nje, upande wetu wa gogo, na sahani ya nyama ya kupondwa, akatukaribisha kwa heshima zote kama wageni waliokuja kuuliza njia. Nilingoja mke wangu amshukuru, maana hata anayempa maji ya kunywa humshukuru kwa jina na ukoo. Yeye alikivuta kiti chake mpaka miguu ya mbele ikagusa gogo, akakaa, akaelekeza sikio dirishani.