Dokezo Namba Ishirini na Tatu

Aliyesababisha miche ya kahawa ya Nshamba kufa ni mkuu wa idara yetu, wala si afisa kilimo. Nasema hivyo bila kusita, kwa kuwa nilikuwa mtunza masijala katika ofisi ile ya Muleba, na karatasi zote zilipita mikononi mwangu.

Afisa kilimo, mama anayesomesha watoto peke yake, alimwandikia mkuu dokezo: miche isigawiwe kabla ya mvua. Mkuu alitarajia wageni, akataka wakute mashamba yamepandwa. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Gaweni wiki hii," akatia saini. Dokezo hilo nililipatia namba ishirini na tatu, nikalifunga jaladani.

Miche ilikauka kabla wageni hawajafika. Katika kikao cha wakulima mkuu alisema, "Mtaalamu wenu ndiye aliyenipotosha."

Mkulima mmoja akamdakia, "Mama huyu? Si ndiye aliyetukataza hata kuchimba mashimo?"

Watu walicheka. Mkuu hakucheka. Kesho yake alimwandikia mama yule barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asifukuzwe kazi, kisha akaja mezani kwangu.

"Mzee wangu, ile ishirini na tatu ichomoe. Iliwekwa humo kimakosa."

"Mkuu, nikiichomoa, ishirini na mbili itafuatwa na nini?"

"Andika namba upya. Kazi ndogo hiyo."

"Ni ndogo, waitu," nilimjibu kwa neno letu la heshima la Kihaya. "Niagize kwa maandishi, nami agizo hilo nitalipatia namba."

Aliondoka bila kuandika agizo. Hapo nilimwelewa: aliwaogopa wakubwa wake, akadhani hofu nayo hugawiwa walio chini kama kazi nyingine za ofisi.

Jalada lilifika mbele ya kamati ya nidhamu likiwa kamili. Mama yule alibaki kazini. Nilipopata habari nilikaa kitini, mabega yakashuka. Sikuwa nimejua kwamba kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeyakaza.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Ijuganyondo. Juzi mama yule alinitembelea na kifurushi cha kahawa ya kutafuna.

"Waitu, hii ni ya miche mipya tuliyopanda mvua iliposhika."

Tulitafuna, tukacheka kwa raha.

Hata hivyo, wakulima wa Nshamba hawajamsikia mkuu akikiri. Kwa hiyo ninadai rasmi: aandike kwa mkono wake kwamba agizo lilikuwa lake, ayasome maelezo hayo mbele ya wakulima wale wale, na nakala iwekwe katika jalada lile lile, ipewe namba.