Bruda Klemens na Jogoo Mweupe

Bruda Klemens Ganggut aliingia utawa kwa ajili ya mbao. Msicheke. Wenzake waliitwa na Mungu ndotoni. Yeye alipita karakana ya mabruda pale mjini Ruteng, Indonesia, akanusa maranda, akasema hapa ndipo penyewe. Upadre hakuutaka. Padre lazima ahubiri, na Klemens akisimama mbele ya watu anaongea na viatu vyake.

Basi mwalimu mkuu wa shule ya mabruda kule milimani akaugua. Klemens akaambiwa, "Kashike shule kidogo tu, mpaka apone." Mgonjwa akafa. Ile kidogo tu ikamwotesha Klemens mvi.

Siku moja akajikaza, akamwomba Mkuu wa Shirika amrudishe karakana. Mkuu akatabasamu, lile tabasamu la kukunyima kwa upendo.

"Siku wazazi watakapokuchoka, bruda wangu, tutakuondoa."

Ala! Kumbe dawa ni hiyo? Mwenye nadhiri ya utii haombi mara mbili, lakini nadhiri ya kutochokwa nani kaiweka? Klemens akaanza kuchosha watu, na kazi hiyo aliifanya kwa bidii kushinda rozari. Simu za wanafunzi akanyang'anya. Baba anayenuka tembo akamrudishia getini. Mikutano ya wazazi akaiweka alfajiri, baridi ya milimani ikiwa bado inang'ata masikio, na ukichelewa unapalilia kahawa ya shule.

"Bruda, mimi nina wajukuu!" akalia Mama Regina.

"Walete wakusaidie, mama."

"Huyu si bruda," Mama Regina akawaambia wenzake getini, "ni pilipili iliyovaa kanzu!"

Klemens akasikia, akajifanya anakohoa. Alikuwa anacheka.

Mwishowe wazazi wakakata shauri: Mkuu akija kukagua, tunamwambia amchukue mtu wake. Msemaji wakamchagua Darius Jemarut, mshenga wa kijiji kizima, ambaye posa yake haijawahi kukataliwa. Klemens kusikia hivyo, akapanga randa na patasi zake sandukuni, akiimba.

Siku ikafika. Mkuu, mtu wa Java, akaketishwa mkekani, akapewa kibuyu cha tembo na jogoo mweupe mapajani, mapokezi ya mgeni. Sasa, mbele ya jogoo mweupe Mmanggarai, mwenyeji wa milima hii, hatamki neno chungu. Unasifu kwanza. Jogoo akichinjwa, watu wakishiba, hapo ndipo sumu inatolewa. Hata mtoto wa mgongoni anajua.

"Bruda Mkuu," akaanza Jemarut, "ulitupandia mti, tumekaa kivulini mwake mpaka jua limetusahau! Klemens ni baba wa watoto wetu, ni mama wa kahawa yetu!"

Klemens jasho likamtoka. Akamsogelea. "Darius, fupisha!"

"Tulia, Bruda, nakuja huko. Wali haujaiva."

Akaendelea. Akamfananisha na mto, na mlima, na nyati dume. Mkuu akafuta machozi. Kwao Java nako watu husema kwa kuzunguka, lakini kila nchi ina kona zake, na hii ya jogoo hakuijua. Mara dereva akachungulia: mvua inakuja, barabara itaporomoka, tuondoke. Mkuu akasimama, jogoo bado mzima kwapani.

"Nimewasikia, wazazi. Sitawanyang'anya mti wenu. Klemens atabaki hapa mpaka Mungu mwenyewe amhitaji." Akamkabidhi Klemens yule jogoo. "Mfuge, uwe ukumbusho wa pendo lao." Akapanda gari, huyoo.

Mama Regina akamgeukia mshenga. "Darius! Tulikutuma ukadai talaka, wewe umefunga ndoa!"

"Ningefanyaje, mama? Jogoo hakuchinjwa!"

Klemens, mtawa na adabu zake, ilimbidi ashukuru. Akafungua mdomo, yakatoka machozi. Alilia akikumbatia jogoo, mabega yakimtikisika, mpaka wazazi wakaanza kutazama chini.

"Jamani," Mama Regina akanong'ona, "kumbe anatupenda hivi? Na sisi tulivyomsema!"

Jogoo hawezi kulala nje. Klemens akafungua sanduku, akatoa randa, akamjengea banda lenye dari na mlango wa bawaba. Askofu hana nyumba iliyonyooka vile.

Mkutano uliofuata akauita alfajiri, akavaa ule uso wake wa pilipili, akaenda getini kuwasubiri wachelewaji. Akawakuta wazazi wote wameshafika, majembe begani, hakuna hata mmoja anayenuka tembo.

"Tumewahi, Bruda," akasema Mama Regina.

Klemens akawaangalia mmoja mmoja. Akakosa wa kumgombeza.