Matundu ya Pumzi

Harufu ya gundi ya kiatu kipya hunirudisha utotoni popote nilipo. Ni harufu kali, huchoma pua kidogo halafu hugeuka tamu, na zamani ilikuwa ikiingia nyumbani kwetu mara moja kwa mwaka, ndani ya boksi, siku za mwisho za mfungo. Juzi nimeinusa tena katika duka moja hapa Tabora, nilipokuja likizo na kutaka kumnunulia mwanangu viatu vya Idi. Nilichokigundua humo dukani ndicho kilichonikalisha chini niwasimulie, maana nilitembea nacho zaidi ya miaka thelathini bila kujua nimebeba nini.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Mashine yake ilikaa barazani kwetu, na watu walimwita Fundi Shabani. Alipenda kupendeza kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, na mimi, mwanawe pekee wa kiume, nilikuwa ndilo tangazo lake la biashara. Kila Idi alinishonea nguo, na baada ya kila Idi watu walikuja barazani na watoto wao wakisema, "Fundi, nataka kama ile ya Hamisi." Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka saba. Alinishonea suruali na kizibao vya rangi ya kahawa, kwa kitambaa kilichobaki kwenye suti ya bwana harusi mmoja wa Usoke, akaongeza vimfuko viwili visivyo na kazi yoyote ila kupendeza. Nguo ilikuwa tayari siku kumi kabla. Kilichobaki ni viatu tu.

Hapo ndipo wazazi wangu walipopata taabu. Siku ya kwanza nilikwenda nao, na mpaka leo nauona ule ukuta wa dukani. Upande wa wasichana ulikuwa kama bustani: vyekundu, vyeupe, vya dhahabu, vyenye maua, vyenye visigino vidogo vya kuigiza ukubwa. Upande wa wavulana kulikuwa na vyeusi vya shule vyenye kamba, vyeusi vya shule visivyo na kamba, na raba. Mwenye duka alifungua boksi baada ya boksi kwa madaha, kama mtu mwenye jipya, na ndani kikatoka kiatu kilekile. Baba alikuwa na kipande cha kitambaa cha kizibao mfukoni. Alikilaza juu ya kiatu cheusi, akatazama, akatikisa kichwa.

"Hiki cha kwendea shule," alisema. "Mimi nataka cha Idi."

"Watoto wa kiume wanaharibu viatu, fundi. Nikileta vya mapambo vinanidodea."

"Ungevalishwa hivi wewe, usingeviharibu?"

Njiani mama alinuna. Alisema inakuwaje binti wa mtu achague mpaka achoke, na mwanawe yeye avae Idi kama anakwenda kufanya mtihani. Baba akajaribu kumchangamsha. "Mama Hamisi, misafara yote ile imepita mji huu, toka pwani mpaka Ujiji. Wameleta shanga, wameleta vitambaa vya marekani, wameleta na masufuria. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kiatu cha mtoto wa kiume?"

"Labda kilipita tumelala," mama alisema, akacheka bila kupenda.

Walitafuta kwenye mitumba wakakosa. Walimwagiza mtu aliyekuwa anakwenda Mwanza kwa treni, akarudi na vyeusi vyenye kamba, akitegemea kushukuriwa. Siku mbili kabla ya Idi nilikwisha kata tamaa kwa niaba yao, ndipo boksi likaja.

Vilikuwa vya rangi ya kahawa, ngozi laini, na mkanda wenye bizimu ya rangi ya dhahabu. Nilivivaa nikakataa kuvivua. Vilinibana kidogo sikusema, kwani kipya kinyemi ingawa kidonda. Ila nilikuwa mtoto wa maswali, na jicho langu halikukawia kuona kwamba mbele ya kila kiatu, juu ya vidole, kulikuwa na matundu mawili madogo yaliyokaribiana.

"Baba, haya matundu ya nini?"

Baba alikuwa amebana sindano kwa midomo. Aliitoa taratibu. "Ya pumzi," alisema. "Mguu wa mtoto wa kiume unakimbia sana. Lazima uheme."

Mama alikohoa, akaingia ndani.

Ninyi mmekwisha elewa. Baba alikuwa bingwa wa kufumua. Kwa wembe wake aliweza kutoa mshono kwenye kitambaa, akapiga pasi, na usijue kama sindano ilipata kupita hapo. Lakini ngozi si kitambaa, na tundu la ngozi halijifungi kwa pasi. Mimi sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba viatu vyangu vinahema, na nilitaka kuona vinavyohema. Niliviziba kwa kiganja nisikie joto. Nikavitia pumzi kwa mdomo. Mwishowe nilijaza maji kwenye karai nikakizamisha kimoja, na wallahi, viputo vilipanda kutoka kwenye matundu yale, viwili viwili, kama samaki anazungumza. Mama alinikuta nikishangilia, na kofi nililolipata halikunipunguzia imani hata chembe.

Siku ya Idi, baada ya swala, tulipita nyumba kwa nyumba. Kila nilipotoa mkono wa Idi nilitoa na mguu. "Shikamoo, Idi mubaraka, viatu vyangu vinahema." Watu walicheka wakanipa peremende. Kisha nikakutana na Zuhura, binti wa jirani yetu wa nyumba ya tatu, ameketi kwenye ngazi ya kwao, amekunja uso.

"Viatu vinaniunguza," alisema.

Nikatazama miguuni mwake. Vilikuwa viatu kama vyangu: rangi ileile, mkanda uleule, bizimu ileile. Tofauti ilikuwa moja tu. Juu ya vidole, pale penye matundu, vyake vilikuwa vimekaliwa na vipepeo vya dhahabu. Nikaelewa mara moja, kwa akili yangu ya miaka saba, kwamba mtu mmoja asiye na huruma amemziba Zuhura pumzi.

Nilimweleza. Alisikiliza kwa makini, akaninyooshea mguu mwenyewe. Kipepeo cha kwanza kilikatika bawa mkononi mwangu. Cha pili kiliruka kikatumbukia mtaroni. Na chini yake, kama nilivyotabiri, matundu mawili. Nilifurahi kupita kiasi. Zuhura alivitazama viatu vyake vilivyobaki vitupu, akaangua kilio.

Sasa mnapaswa kumjua mama yake. Mama Zuhura alikuwa mwema, lakini ulimi wake haukuwa na kituo. Jambo likimfika asubuhi, adhuhuri limefika stesheni, na jioni linajulikana Kipalapala kwa mapadre. Alinishika mkono mimi na mwanawe akatuburura mpaka barazani kwetu. Siku hiyo baba alikuwa na wageni wawili, baba na mwana, waliokuja kukiona kile kizibao wapate kuagiza nguo za harusi ya ukoo mzima.

"Mama Hamisi!" aliita. "Njoo uone mwanao alivyomfanya mwenzake. Vipepeo kang'oa!"

"Nilikuwa namfungulia pumzi," nilijitetea. "Vyake vimezibwa. Tazameni vyangu." Nikapandisha mguu juu ya ngazi ili wote waone.

Mama Zuhura akatazama mguu wangu. Akatazama mguu wa Zuhura. Akarudi kwangu. Kinywa chake kilikuwa wazi, tayari. Baba alikuwa ameshika tepu ya kupimia, akawa anaikunja na kuikunjua. Sikujua kwa nini. Nilidhani ananionea aibu kwa kuharibu mali ya watu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia chumbani, nikasikia mfuniko wa kopo ukifunguliwa, akatoka akiwa amefumba mkono. Akamwendea Mama Zuhura, akaufumbua mbele yake. Kiganjani kulikuwa na vipepeo viwili vya dhahabu, vizima, na nyuzi zake bado zinaning'inia.

"Chukua hivi," alisema.

Mama Zuhura akavitazama, akawatupia wageni jicho. Kisha akavichukua, akampelekea baba.

"Tushonee, fundi," alisema kwa sauti iliyowafikia wageni. "Ndiyo maana mimi sishoni kwingine. Fundi huyu hakosi kitu kwenye makopo yake."

Baba alivishona palepale. Wageni waliagiza nguo. Mama Zuhura alipoondoka alinigusa kichwa akaniuliza, "Na vyako vinahema kweli?"

"Vinahema, mama."

"Haya. Uvitunze."

Usiku ule nilimuuliza mama vipepeo vimetoka wapi. Alinijibu, "Siri ya mtungi aijuaye kata." Basi kesho yake nilikwenda kwenye mtungi wetu wa maji, nikauinamia, nikaikagua na kata pande zote, nikitafuta vipepeo vingine. Niliviwaza kwa miaka. Mwishowe nilijiambia kwamba mafundi wana kila kitu, nikaacha.

Viatu vile nilivivaa mpaka vidole vikajikunja ndani, na hakuna siku hata moja ambayo mtu yeyote alinicheka kwa kuvivaa. Sasa najua huo ulikuwa muujiza mkubwa kuliko viputo.

Maana juzi, dukani, ukuta ni uleule. Wasichana wana bustani yao, na wavulana wana vyeusi, ila siku hizi vingine vinawaka taa kisiginoni. Nilijikuta nimeshika kiatu kizuri cha rangi ya kahawa chenye ua mbele. "Hicho cha kike, kaka," muuzaji aliniambia. Nikakigeuza, nikachungulia ndani, nikaona uzi umeingia kwa tundu moja ukatokea kwa jingine. Nilisimama pale mpaka mwanangu akanivuta shati. Baba na mama wote wametangulia, na nilikuwa na mambo ya kuwaambia.

Nilinunua vyeusi. Sikuwa na moyo wa baba. Tukapita kumwamkia Mama Zuhura, ambaye siku hizi haoni mbali na hatoki sana. Mwanangu alimpa shikamoo, naye alipoitikia marahaba akamvuta karibu, akapapasa kiatu chake kwa vidole, mbele, juu ya vidole vya mguu.

"Hivi havina matundu," alisema. "Mtoto atahemaje?"

Nilishindwa kucheka. Nilimuuliza tu kama siku ile mama alimrudia baadaye, akamwomba aitunze siri.

"Wala," alisema. "Alinipa vipepeo, akaniangalia. Angeweza kusema mbele ya wageni kwamba wewe, mtoto, ndiwe mwongo, akaacha. Hakuniomba kitu, mwanangu. Angeniomba, labda ningesema."

Mwanangu aliinama akavitazama viatu vyake vyeusi, kisha akaniuliza matundu gani hayo. Nikaketi ngazini, pale alipokuwa akikaa Zuhura, nikamwambia ukweli wote tangu mwanzo.