Waliopanda Wakilia

Kila nikipita wanapouza mchele pale soko la Mwanjelwa, harufu ya mchele mpya hunisimamisha na kunirudisha kijijini kwetu Ubaruku, kwenye jaruba letu la mpunga, mwaka uliofuata ukame.

Jumapili moja tulisomewa kanisani zaburi inayotaja watu wanaopanda huku wakilia. Sikuielewa. Kwetu watu walipanda kwa nyimbo na utani, sasa wao walilia nini? Nilimuuliza mwalimu wa watoto, akasema nikikua nitajua.

Kesho yake mama alitoa debe la mbegu ya mpunga uvunguni. Ndani ya nyumba hakukuwa na chakula kingine. Mdogo wangu alidhani linakwenda jikoni, akaanza kucheka. Mama akajitwika, nikamfuata shambani. Alimwaga mbegu kwenye tope huku machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

"Mama, ni kama wale wa kanisani?"

"Ni kama wao," alisema. "Walikuwa wametoka utumwani, wakakuta mashamba yamegeuka pori. Mbegu ndiyo ilikuwa chakula chao cha mwisho, mwanangu. Unakimwaga kwenye udongo, na mtoto anakuangalia."

Nikafikiri kidogo. "Na watoto wao siku hiyo walikula nini?"

Mama akasimama. "Hilo halikuandikwa."

Kisha akachota mbegu viganja viwili, akazifunga kwenye pindo la kanga yangu.

"Nenda ukatwange," alisema. "Mpikie mdogo wako uji, na wewe unywe."