Kitambaa cha shangazi kilivyofuta kiboksi cheusi cha Ta Mutalemwa

Wakuu, wasibota, nawasalimu kwa Kihaya.

Hii siyo chai, wala sijaongeza chumvi. Imenikuta mwenyewe, na hadi naandika hapa bado nashusha pumzi.

Mimi ni fundi wa CCTV, naishi Bilele, Bukoba mjini. Shangazi yangu, Ma Koku, yuko Kishanda kule Muleba, analima vanila. Wanaoilima wanajua, wezi huwa hawangoji ikomae. Nikaenda kumfungia kamera.

Shida ni kamera ya nyuma. Ukitaka ione vanila, lazima ione na kwa jirani, mzee Ta Mutalemwa. Na pale kwenye kibanja chake, kati ya migomba, ndipo alipozikwa mkewe. Kila asubuhi mzee anakaa pale na kikombe cha kahawa, anaongea naye.

Alinifuata nikiwa bado navuta nyaya.

"Fundi, mimi sina ugomvi na kamera yako. Ila pale naongea na mke wangu. Sitaki kuwa sinema."

Nikaingia kwenye settings, nikaweka kiboksi cheusi kufunika upande wake wote. Nikamwita aone kwenye TV ya sebuleni, akaridhika. Tangu hapo kila akija kwa shangazi, kabla hajaketi anaangalia TV kwanza.

Sasa mimi nina tabia moja, mafundi wenzangu wananicheka. Nikimaliza kazi nafungua browser kwenye laptop, naandika IP ya recorder, ile mashine inayohifadhi picha za kamera, naingia sehemu ya maintenance, na-export settings zote, yaani natoa nakala yake kama faili lenye password, nabaki nalo. Wanasema nina uoga wa kizee. Sawa.

Jumamosi iliyopita asubuhi niko Kemondo kazini, shangazi akapiga.

"Mwanangu, ile mashine ililala nikaiamsha, lakini sasa kwa jirani kunaonekana mpaka kaburi!"

Kumbe mchana ule jumuiya ya kanisa ilikuwa ije kusali kwake. Mnawajua mama zetu na wageni. Kila kitu sebuleni lazima kivishwe kitambaa cha kufuma: TV, redio, mpaka recorder ikafunikwa gubigubi. Ikapata joto, ikaganda. Naye akakumbuka aliwahi kuniona nikibonyeza kitundu cha nyuma kwa pini. Akabonyeza, akashikilia kwa imani yote.

Factory reset, settings zote zikafutika. Kiboksi kikaenda.

Wakuu, niliogopa. Mzee angekuja kusali, atazame TV, aone kaburi la mkewe liko wazi mbele ya jumuiya nzima. Utasema si tuzime TV tu? Angeuliza kwa nini imezimwa. Na recorder yenyewe ilikuwa inaendelea kurekodi.

Nikadandia boda. Nafika, viti vimeshapangwa, shangazi ananiangalia kama mtoto aliyevunja chungu.

Nikaweka password mpya, nikaunga laptop, browser, maintenance, import, nirudishe lile faili. Ikadai password ya faili. Nikaiandika haraka haraka, nikakosea. Nikarudia taratibu, ikakubali. Ikajizima, ikaanza kuwaka polepole. Mimi nilisali kabla ya jumuiya.

Kiboksi kikarudi palepale. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu.

Ikabaki rekodi ya asubuhi ile. Huenda mzee na kahawa yake wamo humo. Sikuifungua, nika-format diski yote, ikafutika.

Ta Mutalemwa akaingia, akatazama TV, akaketi. Baada ya sala akanisogelea na kikombe chake cha chai.

"Asubuhi nimemwambia mke wangu kwamba mjukuu wake amefaulu," akaninong'oneza. "Hamkutusikia?"

"Hapana taata. Hatusikii wala hatuoni."

Na ilikuwa kweli.

Nilichojifunza: nilidhani backup ni ya kumwokoa fundi asirudie kazi. Kumbe ahadi niliyompa mzee nayo ilikuwa ndani ya lile faili. Kwa hiyo export settings zako, weka nakala sehemu zaidi ya moja, na password yake usiiamini kwenye kichwa tu.

Mafundi wenzangu, nyie faili za wateja mnazitunza wapi? Na mwenye mbinu ya kuwazuia mama zetu na vitambaa aje hapa. Cha shangazi kimehamia juu ya redio, lakini nimeona anavyoiangalia ile recorder. Anaona iko uchi.